Kabla ya Kufunga Programu ya Barua Pepe, Pita Kwanza Masjala

Afisa TEHAMA wa halmashauri au taasisi yoyote mkoani Dodoma akipewa agizo kwamba watumishi wote waanze kutumia barua pepe ya ofisi, mawazo yake hukimbilia kompyuta: ziko ngapi, zina Windows ya mwaka gani, zifungwe programu ipi. Ushauri wangu ni kwamba siku za mwanzo asiguse kompyuta hata moja. Aende masjala, aombe kiti, atazame barua inavyotembea.

Atakachokiona kinajulikana kwa kila aliyefanya kazi serikalini. Barua inapokelewa na kugongwa muhuri wa tarehe. Inaandikwa kwenye rejista ya barua zinazoingia, inafunguliwa jalada au kuwekwa kwenye jalada lake, inapewa namba ya folio. Inapanda kwa mkurugenzi, inashuka ikiwa na maelekezo yaliyoandikwa kwa kalamu, kisha mhudumu anaipeleka kwa mkuu wa idara, ambaye naye anaandika dokezo na kuipeleka kwa afisa wa kuifanyia kazi. Wapo wanaouona utaratibu huu kama ucheleweshaji mtupu. Mimi naona jambo moja kubwa ndani yake: kila saa yupo mtu anayejua barua iko kwa nani. Ukifunga barua pepe bila kuifuata njia hiyo, barua itaangukia kwenye kikasha cha mtu mmoja, haitaingia kwenye rejista wala jalada, na siku mtu huyo akiwa likizo hakuna mwingine ofisini atakayejua kwamba ilifika.

Kwa hiyo andika njia hiyo kwenye karatasi, hatua kwa hatua, na majina ya vyeo. Karatasi hiyo ndiyo ramani ya kazi yako yote.

Anwani ni ya kiti

Tunaishi katika mkoa ambao watumishi wake wanahama sana. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alihamia Septemba mwaka huo, wizara zikaanza kufuata, na Aprili 2019 ukazinduliwa Mji wa Serikali kule Mtumba. Katika miaka hiyo wizara kadhaa zilifanya kazi katika majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, huku baadhi ya watumishi na majalada wakiwa bado Dar es Salaam, umbali wa kilomita zipatazo 450. Ukiongeza uhamisho wa kawaida wa kila mwaka kati ya Kondoa, Mpwapwa, Kongwa, Bahi, Chemba, Chamwino na jiji lenyewe, utaona kwa nini ofisi nyingi hazina kumbukumbu ya kilichoandikwa miaka mitatu iliyopita. Mawasiliano yalikuwa kwenye Gmail ya mkuu wa idara, mkuu wa idara amehamishiwa mkoa mwingine, na Gmail yake ameondoka nayo kihalali kabisa, kwa kuwa ni mali yake.

Ndiyo maana ninasisitiza aina mbili za anwani. Ya kwanza ni ya mtumishi, kwa jina lake. Ya pili ni ya kiti: ya mkurugenzi, ya masjala, ya manunuzi, ya mganga mkuu, ya afisa elimu msingi. Barua rasmi zote ziingie na kutoka kwa anwani ya kiti, na anwani hiyo ndiyo ichapishwe kwenye barua zenye nembo ya ofisi. Mtu akihama, mrithi wake anapewa ruhusa ya kikasha hicho siku hiyohiyo na kukuta kila kitu mahali pake. Mtu akikaimu wiki mbili, anapewa ruhusa ya wiki mbili, kisha inaondolewa.

Hapa ndipo utakapokutana na jambo ambalo lipo karibu kila ofisi: katibu muhtasi anayejua nywila ya bosi wake. Usimgombeze. Amepewa nywila kwa sababu kazi yake ni kusoma na kupanga barua za bosi, na hakuna aliyewahi kumpa njia nyingine. Mifumo yote mikubwa ya barua pepe inaruhusu mtu mmoja kufungua kikasha cha mwingine na kutuma kwa niaba yake akitumia nywila yake mwenyewe. Mfungulie ruhusa hiyo katibu muhtasi, mwonyeshe inavyofanya kazi mbele ya bosi, kisha nywila ya bosi ibadilishwe palepale. Kuanzia hapo ikitumwa barua, mfumo unajua nani aliibonyeza. Katibu muhtasi ndiye anayefaidika zaidi, maana ikitokea barua imevuja hatasingiziwa.

Seva siyo kazi yako, meza ndiyo kazi yako

Kama uko taasisi ya umma, usianze kufikiria kununua seva. Mamlaka ya Serikali Mtandao ilianza kama Wakala mwaka 2012, ikageuzwa kuwa Mamlaka kwa Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya 2019, na inaendesha Mfumo wa Barua Pepe Serikalini, ule ambao wengi tunauita GMS, pamoja na mtandao wa mawasiliano unaounganisha taasisi na mfumo wa Ofisi Mtandao wa kushughulikia majalada. Omba huduma, pata anwani zako kwenye kikoa chako cha go.tz, na nguvu zako zote ziende kwenye safari ya kutoka seva hadi meza ya mtumishi. Safari hiyo ndiyo inayoshindwa mara nyingi.

Shirika binafsi, chuo, hospitali ya misheni au chama cha ushirika watachagua huduma ya kulipia kwa mwezi kama za Google au Microsoft, au watakodi seva ya Zimbra. Wao wana jambo moja la ziada ambalo taasisi ya umma inafanyiwa: kuweka kwenye kumbukumbu za kikoa chao alama za SPF, DKIM na DMARC, zinazouambia ulimwengu ni seva zipi zina haki ya kutuma kwa jina lao. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wameongeza ukali kwa watumaji wasio na alama hizo. Ankara na mialiko ya kikao inayoishia kwenye barua taka mara nyingi ina chanzo hiki, na marekebisho yake ni mistari michache.

Kivinjari au programu?

Si kila mtumishi anahitaji programu ya barua pepe kwenye kompyuta yake. Wengi watatosheka na kivinjari, na afisa mtendaji wa kata atatumia simu tu. Programu kamili, iwe Outlook au Thunderbird ambayo ni ya bure, wape masjala, makatibu muhtasi, wakuu wa idara, na vituo vyenye mtandao wa kusuasua. Sababu ni kwamba programu inabaki na nakala ya barua ndani ya kompyuta. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ya Tanzania ikadhoofika kwa siku kadhaa. Siku kama hizo, mwenye nakala kwenye kompyuta anafungua barua ya jana, anaandika majibu, na majibu yanasubiri kwenye foleni mpaka mtandao urudi. Anayetegemea kivinjari na huduma iliyo ng'ambo hana hata cha kusoma.

Kabla ya kuamua, hesabu kompyuta kwa macho yako, usitegemee orodha ya mali. Andika toleo la Windows, la Office, ukubwa wa diski na kama leseni ipo. Microsoft ilisitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na siku hiyohiyo ikasitisha wa Office 2016 na Office 2019, kwa hiyo Outlook iliyomo humo haipati tena marekebisho ya usalama kwa utaratibu wa kawaida. Utakuta pia mashine za Windows 7. Thunderbird toleo la 115 ndilo la mwisho kuzikubali, nalo limepitwa. Mashine hizo ziandikie pendekezo la kubadilishwa, na wenye nazo kwa sasa watumie kivinjari kilicho kipya kadiri inavyowezekana.

Angalia pia saa ya kila kompyuta. Mitaa yetu umeme hukatika, kompyuta za mezani zikakaa wikiendi nzima bila umeme, na ile betri ndogo ya duara kwenye ubao mama, aina ya CR2032, ikiwa imekufa, mashine inaamka ikidhani ni mwaka wa nyuma. Programu ya barua pepe ikilinganisha tarehe hiyo na cheti cha usalama cha seva inakataa kuunganisha, na mtumishi anakuja kwako na taarifa kwamba "mfumo haufanyi kazi". Beba betri chache mfukoni. Ni za bei ndogo sana na zitakuokolea safari nyingi za kwenda Chemba.

Sasa lile lililo muhimu kuliko yote ya kiufundi: chagua IMAP, usichague POP. POP kwa mazoea yake inavuta barua kutoka kwenye seva na kuziweka kwenye kompyuta moja. Kompyuta hiyo ikiungua kwa umeme kurudi kwa kishindo, au diski ikifa, barua za miaka zimekwenda. IMAP inaacha barua kwenye seva na kuweka nakala tu kwenye mashine, hivyo unachokiona mezani ndicho utakachokiona kwenye simu. Kupokea ni mlango namba 993, kutuma ni 587 au 465, vyote vikiwa na usimbaji. Mtandao wako ukiwa na ukuta wa usalama, hakikisha milango hiyo imefunguliwa kabla ya siku ya kazi.

Na kabla ya kuondoa chochote cha zamani, tafuta faili za PST. Hizi ni ghala ambamo Outlook huweka barua zilizovutwa au kuhifadhiwa pembeni, na mara nyingi mwenyewe hajui kama anazo. Nakili kwenye diski ya nje, ziandikie jina la ofisi na tarehe, ndipo uendelee.

Piga hesabu ya laini

Kuna hesabu moja ambayo watu wengi hawaipigi. Chukua kompyuta 100, kila kikasha kina gigabaiti 2. Ukizifungia zote programu siku moja, zitataka kuvuta gigabaiti 200. Kwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde, bila mtu mwingine kuitumia kwa lolote, hiyo ni zaidi ya saa 44. Wakati huo mhasibu anataka kuingia kwenye mfumo wa malipo na hawezi, na lawama zote zitaiangukia barua pepe.

Dawa ni mbili. Kwanza, weka programu ihifadhi barua za miezi mitatu ya karibuni tu. Outlook kwenye akaunti za Exchange na Microsoft 365 ina kipimo cha muda huo, na Thunderbird ina sehemu ya kuchagua siku ngapi zihifadhiwe. Zilizobaki zipo kwenye seva, zitafunguliwa zikihitajika. Pili, funga idara moja baada ya nyingine, na uvutaji wa kwanza uanze saa tisa na nusu alasiri watu wanapotoka.

Faili la kufungia programu lenyewe lipakue mara moja tu, uliweke kwenye folda ya pamoja au kwenye flashi. Penye mfumo wa kusimamia kompyuta zote kutoka sehemu moja, Thunderbird ina faili la aina ya MSI la kusambaza, na inasoma mipangilio ya ofisi kutoka faili la policies.json lililo ndani ya folda iitwayo distribution. Pasipo na mfumo huo, na halmashauri nyingi hazina, flashi na amri fupi ya kufunga kimyakimya vinatosha. Kitakachokupunguzia kazi kuliko vyote ni kuomba wenye seva waweke mipangilio ya kujitambua: Thunderbird inaitafuta kwenye anwani inayoanza na autoconfig, Outlook kwenye ile ya autodiscover. Ikiwepo, mtumishi anaandika anwani na nywila yake, basi. Isipokuwepo, utaandika milango na majina ya seva kwa mkono mara mia, na mahali fulani utakosea herufi.

Lini?

Usifanye kazi hii kati ya Aprili na Juni. Bunge liko Dodoma likijadili bajeti, wakuu wa idara wanaitwa kujibu hoja, na ifikapo Juni 30 kila mhasibu anafunga mwaka. Mtu aliye kwenye hali hiyo ukimbadilishia hata rangi ya kikasha atakuchukia, na ana haki. Desemba hadi Machi ni mvua, na baadhi ya barabara za kwenda kwenye kata hazipitiki kwa urahisi. Wakati mzuri ni Agosti, baada ya Nanenane kule Nzuguni, hadi mwishoni mwa Oktoba. Anza na masjala na makatibu muhtasi, maana wakishika wao, wengine wote watajifunza kwao. Fuata utawala na rasilimali watu, kisha idara za kitaalamu. Fedha iwe ya mwisho.

Mafunzo yafanyike kwenye kiti cha mtumishi, kwenye kompyuta yake, kwa barua yake halisi ya siku hiyo. Semina ya ukumbini yenye watu 80 na slaidi haimfundishi mtu kutuma barua. Kaa naye nusu saa: afungue barua, aiambatanishe, aipeleke kwa afisa wake, aitafute tena kwa namba ya kumbukumbu. Na hapo mfundishe desturi moja itakayoiunganisha barua pepe na masjala moja kwa moja: kwenye mstari wa kichwa cha barua aandike Kumb. Na. ileile iliyo kwenye jalada. Miaka miwili baadaye mtu akiandika namba hiyo kwenye kisanduku cha kutafutia, mlolongo mzima utajitokeza.

Mfundishe skana pia. Barua ya kurasa kumi iliyoskaniwa kwa rangi na ubora wa juu inaweza kuwa kubwa kuliko inavyoruhusiwa. Gmail, kwa mfano, haikuruhusu kutuma viambatisho vinavyozidi megabaiti 25. Iweke skana kwenye nyeusi na nyeupe, nukta 200 kwa inchi, na mipangilio hiyo ihifadhiwe kwenye mashine yenyewe. Barua inasomeka vizuri na laini inapumua.

Simu za watu, na WhatsApp

Watumishi watataka barua kwenye simu zao binafsi. Wakubalie, kwa masharti mawili: simu iwe na kufuli ya namba ya siri, na akaunti iwe na uthibitisho wa hatua mbili kwa programu ya namba za muda, pale mfumo unaporuhusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaibebesha taasisi wajibu wa kulinda taarifa za watu inazozishika. Orodha ya wagonjwa au majina ya wanufaika ikiwa kwenye simu iliyosahaulika kwenye daladala, wenye majina hayo wamekosewa na taasisi, na taasisi itapaswa kujibu. Toa namba moja ya kupiga simu ikipotea, usiku au mchana, na atakayepokea awe na uwezo wa kuiondoa simu hiyo kwenye akaunti. Nywila ya kwanza isiwe moja kwa wote. Ile desturi ya jina la mji na mwaka inajulikana na kila mtu, tapeli akiwemo.

Kuhusu WhatsApp, sishauri vita. Kundi la wakuu wa idara linafanya kazi nzuri ya kuitana na kukumbushana. Kinachotakiwa ni mpaka: kwenye WhatsApp unamwambia mtu "nimekutumia barua, iangalie", na barua yenyewe inapita kwenye anwani ya kiti. Maelekezo ya malipo, majina ya watu, nyaraka za zabuni na taarifa za wagonjwa visipite huko kabisa. Na barua yoyote inayodai kubadilisha akaunti ya benki ya mzabuni, hata kama imetoka kwenye anwani inayofahamika, ithibitishwe kwa simu, kwa namba iliyo kwenye mkataba.

Yote haya yatategemea mtu mmoja, naye ni mkuu wa taasisi. Kabla ya uzinduzi, mwombe akubali mambo matatu na ayaandike kwenye waraka wa ndani. Atatuma mwenyewe barua ya kwanza kwa watumishi wote kutoka kwenye anwani mpya. Kuanzia tarehe iliyotajwa, dokezo lililofika kutoka kwenye Gmail ya mtu litarudishwa kwa aliyelituma alilete kwa njia rasmi, naye mkuu hatalifanyia kazi. Na fomu ya makabidhiano ya ofisi itaongezwa mstari: kikasha cha kiti kimekabidhiwa kwa nani, tarehe gani, saini za wote wawili. Bila kauli yake, watumishi watakusikiliza kwa heshima na kuendelea na Gmail zao.

Zile anwani za zamani zipe siku 90. Kila mwenye Gmail aliyokuwa akiitumia kwa kazi aweke jibu la kujituma lenyewe linalotaja anwani mpya, na barua za kazi zilizomo azihamishie kwenye kikasha cha kiti. Kwenye Thunderbird unaziunganisha akaunti zote mbili na kuburuta folda kutoka moja kwenda nyingine, kazi ya mchana mmoja. Wakati huohuo badilisha bango la mlangoni, vitabu vya barua zenye nembo, mihuri na tovuti, maana mwananchi wa Kibaigwa anayeandika kuulizia kiwanja chake atatumia anwani aliyoiona kwenye karatasi ya mwisho aliyopewa. Siku ya 91, waombe wa masjala wakupe orodha ya barua zote ambazo bado zilifika kwa njia ya zamani. Wapigie waliozituma, mmoja mmoja.